REDIO YAWEZA KUBEBA MAANDISHI

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Magole



Kamati iliniomba nizungumze juu ya jambo la ufundi litakalowafaa wanafunzi na pia wananchi wa hapa Magole. Nimechagua jambo ambalo wengi hawalijui, ingawa chombo chake kimo katika nyumba nyingi. Jambo lenyewe ni kwamba redio, hii hii ya kawaida tunayosikilizia taarifa ya habari na mpira, yaweza kubeba maandishi, hesabu, hata picha, kwa njia ya sauti. Mpokeaji hahitaji intaneti wala vocha. Nchi nyingine zimekwisha kulifanya jambo hili. Nitaeleza linavyofanyika, lilikofanyika na kasoro zake, halafu nitatoa pendekezo.

Kwanza tuelewane juu ya sauti yenye maana lakini isiyo na maneno. Wazee walisema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ni pembe tu, haina ulimi. Lakini watu walipoisikia walikusanyika, kwa sababu walikwisha kupatana tangu mwanzo kwamba mlio ule maana yake ni hiyo. Kengele ya shule ni vivyo hivyo. Kipande cha reli kinachoning'inia mtini hakijui Kiswahili, lakini kila mmoja wenu anajua tofauti ya mlio wa kuamka, wa paredi na wa chakula, na nina hakika kwamba ule wa chakula hakuna aliyewahi kuukosea. Hapo Kilosa nako, reli ya kati ilipojengwa wakati wa Wajerumani, ilifuatana na waya wa simu ya maandishi. Habari zilipita kwenye waya ule kwa alama fupi na ndefu, na mtu aliyefundishwa aliziandika herufi kwa herufi.

Kompyuta hufuata kanuni hiyo hiyo. Ndani yake kila herufi ni namba, na kila namba huandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Herufi kubwa A ni namba 65, ambayo kwa tarakimu hizo huandikwa 1000001. Sasa mkipatana kwamba 0 iwe mlio mnene na 1 iwe mlio mwembamba, mwaweza kuipiga herufi A kwa filimbi mbili, na mwenzenu aliye ng'ambo ya uwanja akaiandika. Mashine hufanya kazi hiyo hiyo, ila kwa upesi zaidi. Na sauti hiyo ikishapatikana ni sauti kama nyingine: yaweza kunaswa kwenye kanda, kupita kwenye simu, au kurushwa redioni. Mtambo wa redio hauulizi kama kilicho mbele ya kipaza sauti ni mtangazaji, ni taarabu au ni kompyuta. Wenyewe hubeba tu. Kazi ya kuelewa ni ya yule aliye upande wa pili.

Sasa tutazame lilikofanyika. Nchini Uholanzi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, shirika la utangazaji la NOS lilikuwa na kipindi cha redio kilichoitwa Hobbyscoop. Wakati ule kompyuta ndogo za nyumbani zilihifadhi programu zake kwenye kanda za kaseti, yaani kwa sauti. Watangazaji wakawaza hivi: ikiwa programu ni sauti kwenye kanda, kwa nini tusiipige redioni kama tunavyopiga muziki? Wakafanya. Msikilizaji alibonyeza kinasa sauti chake, akanasa ule mlio wa kukwaruza, kisha akauingiza katika kompyuta yake, na programu ikawa yake.

Lakini walikumbana na tatizo. Kila kiwanda kilikuwa na kompyuta yake, na kila kompyuta ilikuwa na lahaja yake na mlio wake. Programu iliyorushwa kwa mashine ya aina moja haikufaa kwa mashine ya aina nyingine. Dawa waliyoipata iliitwa BASICODE. Ilikuwa lugha moja ya kati na mlio mmoja wa kati, ambao kila kompyuta ilitengenezewa mkalimani wake. Sisi wa Wilaya ya Kilosa hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Mkaguru, Msagara, Mvidunda na Mluguru wakikutana sokoni, kila mmoja ana lugha yake ya nyumbani, lakini biashara inakwenda kwa sababu ipo lugha moja ya wote. Hata Kiswahili chenyewe kilihitaji kukaliwa kikao: Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ili vitabu vya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja viandikwe kwa namna moja. BASICODE ilikuwa Kiswahili sanifu cha kompyuta.

Mapatano yenyewe yalikuwa rahisi, na mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuyafuata. Tarakimu 0 ni wimbi moja la sauti ya mitetemo 1,200 kwa sekunde. Tarakimu 1 ni mawimbi mawili ya mitetemo 2,400 kwa sekunde. Kwa hiyo kila tarakimu huchukua muda ule ule, sehemu moja kati ya 1,200 ya sekunde. Kila herufi hubebwa na tarakimu 11: moja ya kufungua, nane za herufi yenyewe, na mbili za kufunga. Gawanya 1,200 kwa 11, utapata herufi 109 kwa sekunde. Ujumbe ulitanguliwa na mlio wa sekunde tano ili mashine ijiandae, na mwishoni ukafuatwa na mlio mwingine kama huo. Hotuba hii ninayowasomea, pamoja na kuwachosha kwangu, ingepita redioni kwa muda wa dakika mbili hivi.

Palikuwa na jambo moja zaidi ambalo sisi watu wa ofisini tutalipenda. Mwishoni mwa kila ujumbe iliwekwa namba ya kukagua, iliyopatikana kwa kupiga hesabu ya herufi zote zilizotangulia. Mashine ya mpokeaji ilipiga hesabu hiyo hiyo upya. Namba mbili zikilingana, ujumbe umefika salama. Zisipolingana, pana herufi iliyoharibika njiani, na msikilizaji angojee marudio. Ni kama jumla iliyo chini ya hati ya malipo: haikuambii kosa liko mstari gani, lakini inakuzuia kutia sahihi.

Habari hizi zilienea. Uingereza, redio ya BBC ilirusha programu za BASICODE mwaka 1984 kwa kupitia kipindi cha The Chip Shop. Ujerumani Mashariki nayo iliutumia mtindo huo mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini mfano unaotufaa zaidi ni wa Yugoslavia. Huko sheria za forodha zilifanya iwe vigumu kwa mtu wa kawaida kuingiza kompyuta. Fundi mmoja, Voja Antonić, akabuni kompyuta ndogo iliyoitwa Galaksija, na mchoro wake ukachapishwa katika gazeti kwa ajili ya watu kujiundia wenyewe. Na katika Belgrade, mtangazaji Zoran Modli alirusha programu za kompyuta katika kipindi chake cha redio, Ventilator 202. Vijana walinasa kwenye kaseti, wakajaribu, wakarekebisha, na wengine wakatunga programu zao na kuzipeleka studio ili ziwafikie wenzao. Mtu asiye na kiwanda wala fedha za kigeni akawa mtoaji, siyo mpokeaji tu.

Sisi je? Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kompyuta na televisheni kuingizwa nchini. Kwa hiyo wakati vijana wa Belgrade wananasa milio ile, hapa mlio huo ungepigwa, usingekuwa na wa kuupokea. Lakini tusijidharau, kwa maana katika kuitumia redio yenyewe tulikwisha kutoa somo kwa dunia. Mwaka 1973 Radio Tanzania Dar es Salaam iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walishiriki katika vikundi vya kusikiliza. Kilichofanya kampeni ile ifaulu hakikuwa redio peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, na kilikuwa na kitabu. Waliokitayarisha kipindi walijua kwamba neno la redio hupita na upepo, na kwamba mtu wa kuchimba choo anataka vipimo ambavyo atavitazama tena kesho. Kitabu kile kilibidi kichapishwe na kusafirishwa mpaka vijijini. Redio inayobeba maandishi ingekisafirisha kitabu pia.

Wala tusidhani kwamba Afrika Mashariki haikuwahi kuwa na redio ya namna hii. Nairobi, kituo cha hali ya hewa chenye alama ya wito 5YE kilikuwa kikirusha maandishi na ramani za hali ya hewa kwa masafa mafupi. Ramani hizo ni sauti tupu: mlio wa mitetemo 1,500 ni weusi, mlio wa 2,300 ni weupe, na mashine ya mpokeaji huchora mstari baada ya mstari mpaka picha ikamilike, kazi ya dakika kumi au zaidi. Meli baharini zimeongozwa kwa ramani za namna hiyo kwa miaka mingi.

Katika miaka ya karibuni, Sauti ya Amerika ilijaribu jambo hili upya kwa kipindi kilichoitwa VOA Radiogram, tangu mwaka 2013 mpaka 2017, na baadaye mwanzilishi wake akaendelea nacho kwa jina la Shortwave Radiogram. Walirusha maandishi kwa masafa mafupi, maneno kama 120 kwa dakika. Ni mwendo wa pole kuliko BASICODE, na polepole hiyo ni ya makusudi: mlio unaokwenda taratibu huvumilia mikwaruzo. Msikilizaji hakuhitaji zaidi ya redio ya kawaida na kompyuta, au simu yenye programu iliyowekwa karibu na spika. Mara nyingi maandishi yalitoka safi hata pale ambapo sauti ya mtu isingeeleweka vizuri. Hata leo, redio ya gari inapoonyesha jina la kituo cha FM kwenye kioo chake, imesoma maandishi yaliyojificha ndani ya mawimbi yale yale, kwenye mitetemo 57,000 kwa sekunde, ambayo sikio la mtu halifiki. Kwa hiyo wengi wenu mmekwisha kupokea maandishi kwa redio bila kujua.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nije hapa hapa Magole. Kwa nini jambo hili litushughulishe?

Tarehe 22 Januari 2014 Mto Mkundi ulijaa. Maji yaliingia Magole, Dumila na vijiji vya jirani, nyumba zikaanguka, familia zikahamia kwenye mahema, na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika darajani. Miaka minne kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa uliharibu mji wa Kilosa na kuisomba reli ya kati, na treni zikasimama kwa miezi. Mito yetu ina tabia moja: maji hayanyeshi hapa yanapotudhuru. Hunyesha juu, milimani, na aliye juu huyaona mapema kuliko aliye bondeni. Kati ya kuonekana kule na kufika huku pana muda. Muda huo ndio uhai wa watu, na swali lote ni nani ataujaza kwa habari, na habari ya namna gani.

Mtu ataniambia, simu zipo. Ni kweli zipo, na nazisifu. Lakini mnara wa simu una umeme wake na njia zake, na hivyo hukatika kama daraja linavyokatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya zilizo chini ya bahari ziliharibika, na intaneti ikazorota nchi nzima na katika nchi jirani, bila tone la mvua kuhusika hapa Magole. Tena simu hupeleka habari kwa mtu mmoja mmoja. Siku ya maafa wote hupiga pamoja, na wote hukosa. Redio husema mara moja, na aliye karibu na mtambo na aliye mbali husikia kwa saa ile ile. Mtambo wake waweza kuwa mbali, mahali pasipofikiwa na mto wetu, na mpokeaji akahitaji betri mbili tu.

Mwingine ataniambia, basi mtangazaji na aseme, kuna haja gani ya mlio? Nami nakubali kwamba sauti ya mtu ndiyo ya kwanza. Lakini mimi ni mtumishi wa Serikali, na nimesikia mara nyingi habari za hesabu zikipokelewa kwa redio ya upepo: "Sema tena. Sita au saba? Kijiji gani? Rudia." Aliyepokea ameandika moja, aliyepeleka amesema lingine, na mwisho wa mwezi hesabu hazikubaliani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na onyo bila daftari vilevile. Ujumbe wa herufi 200, wenye jina la mto, kimo cha maji, saa, vijiji vinavyohusika na mahali pa kukimbilia, ungepita kwa mtindo wa BASICODE kwa sekunde kumi na mbili, pamoja na milio ya mbele na nyuma. Waweza kurudiwa mara tano kwa dakika moja. Na ukishapokelewa umeandikwa. Unabandikwa ubaoni, unasomwa msikitini na kanisani, na kila asomaye anasoma maneno yale yale.

Faida yake haiko katika mafuriko tu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni. Mtoto asiye na televisheni alimsikia mwalimu, lakini ubao hakuuona. Maswali ya hesabu na majedwali yangeweza kumfuata kwa njia ya redio hiyo hiyo.

Sasa kasoro, kwa sababu hotuba isiyo na kasoro ni tangazo la biashara. Kwanza, redio husema bila kusikia: anayepeleka hajui kama umepokea, kwa hiyo lazima arudie. Pili, mlio wenyewe unaudhi, na msikilizaji asiyeambiwa mapema atadhani redio yake imeharibika. Tatu, si kila mtu ana simu ya kuufasiri, kitochi hakiwezi. Lakini hapo nawakumbusha vikundi vya mwaka 1973: yatosha simu moja yenye uwezo katika kila kitongoji, pamoja na mtu mmoja aliyefundishwa na ubao wa matangazo. Nne, mtu mwovu aweza kutengeneza mlio wa uongo. Kwa hiyo ujumbe usiaminiwe kwa kuwa umetoka kwenye mashine. Uaminiwe kwa kuwa umetoka kwenye kituo kinachojulikana, baada ya mtangazaji kuutambulisha kwa sauti yake. Tano, kurusha matangazo bila leseni ni kosa kisheria, na sitaki mwanafunzi yeyote aondoke hapa akafunge mtambo bwenini.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Chama chetu kiipe klabu ya sayansi ya shule redio mbili, kipaza sauti na simu mbili zilizotumika. Waanze darasani, simu moja itoe mlio, nyingine ipokee, bila kurusha chochote hewani. Wapime: umbali gani, makelele kiasi gani, herufi ngapi zinaharibika. Wakifaulu, waandike wenyewe namna moja ya onyo la mafuriko, kwa Kiswahili kifupi kisicho na utata, na waipeleke kwa viongozi wa vijiji ili ijadiliwe na kukubaliwa. Hapo ndipo sisi wakubwa tutakapoandika barua kwa redio ya jamii, kwa njia ya halali, kuomba nusu dakika kwa wiki ya kufanyia majaribio.

Naomba mtambue mpangilio huo: mapatano kwanza, mtambo baadaye. Redio zimo majumbani na simu zimo mifukoni. Kinachokosekana ni watu wa juu ya mto na watu wa chini ya mto kupatana kwamba mlio huu maana yake ni hii, na kwamba ukisikika, fulani ataandika, fulani atasoma, na wote watahama. Waholanzi walikaa kikao wakapatana. Wazee wetu walipatana juu ya pembe. Hili haliwezi kuletwa na mfadhili wala kununuliwa Dar es Salaam. Lazima lifanywe na wanaoishi hapa.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.